Nguzo ya Kushoto

Kinga ya mashine iligoma kuingia mbele ya watu saba, na wote saba walikuwa na maoni.

Ilikuwa Jumatatu, saa nane mchana, zamu ya asubuhi inatoka na ya jioni haijavaa ovaroli. Meneja wa Sabuni alikuwa ametoa dakika kumi na tano mashine ya kukatia sabuni izimwe, wala si kumi na sita, maana sabuni iliyo kwenye mkanda ikilala hapo huganda ikawa jiwe, na hajazaliwa mteja wa kuogea jiwe. Binti aliyeichora kinga alisimama kando, kompyuta kaikumbatia kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa jirani. Cheche, mchomeleaji wa karakana, alilibeba lile bati lililokunjwa mfano wa sanduku lisilo na kifuniko, akalisogeza katikati ya nguzo mbili za mashine, pale kisu kinapopanda na kushuka. Chini likaingia kama mguu kwenye kiatu ulichokizoea. Juu, upande wa kushoto, likakwama.

Cheche akasukuma kwa mkono, kisha kwa bega. Mmoja akashauri nyundo, mwingine akashauri maji ya moto, na wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kufagia, akasema yeye alijua tangu asubuhi. Kengele ikalia. Bati likavutwa nje, mashine ikawashwa, kisu kikaanza kushuka wazi mbele ya vidole vya watu kama kilivyofanya miaka yote.

Nje, kwenye uwanja wa kiwanda, Cheche alilala kifudifudi akalipima lile bati kwa futi, kona kwa kona, akilinganisha na karatasi ya mchoro. Halikuwa na kosa hata la unene wa unywele. Bosi wa karakana, mwanamke mfupi aliyevaa buti za chuma hata siku za sherehe, akatoa hukumu kwa sauti ya chini, na sauti yake ya chini ndiyo iliyoogopwa.

"Bati limekatwa kama lilivyochorwa. Mashine ina miaka ishirini na sita pale ilipo, na aliyeijenga tunamjua sote. Sasa niambieni, kosa limelala wapi?"

Macho yote yakamgeukia Binti. Aliyeijenga mashine ile alikuwa baba yake.

Aliomba aruhusiwe kuipima mashine kule juu. Meneja akasema haiwezekani: kuizima tena ni kugandisha sabuni, na kwa amri ya mkaguzi wa usalama, ikiwa inazunguka hakuna mtu kuisogelea ila wanaoiendesha, mpaka iwekwe kinga. Basi hali ikawa hivyo. Mashine haisogelewi kwa kuwa haina kinga, na kinga haipatikani kwa kuwa mashine haisogelewi. Mkaguzi angerudi Jumamosi na kufuli lake. Jaribio la mwisho la kuivika kinga lilipangwa Ijumaa saa nane, na Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya miezi mitatu ya majaribio ya Binti kazini.

Bosi akamwambia kwamba karakanani limebaki bati moja la unene ule. Halafu akaongeza, "Alhamisi asubuhi uniletee mchoro mpya pamoja na sababu. Si mchoro mtupu. Nataka sababu."

* * *

Baba mtu aliitwa Pimamaji, na mtaani hapakuwa na aliyekumbuka kama alipewa jina lingine utotoni. Ilisemekana kwamba akiangalia wingu anaweza kukwambia limelala upande gani na kwa milimita ngapi. Akikaribishwa chai, kwanza aliinama akaitazama ile chai kikombeni, kisha akamshauri mwenye nyumba akunje karatasi aiweke chini ya mguu mmoja wa meza. Wenye milango mipya walimwita aje aitazame tu; mlango ukimwona, walisema, hujinyoosha wenyewe. Kinyozi wa kona hakuthubutu kumaliza kichwa cha mtu mashuhuri kabla Pimamaji hajapita kusema kama ndevu za kulia na za kushoto ziko sawa.

Huyo kinyozi alikuwa na tabia ya kumshika mzee mkono kwa mikono miwili na kumwambia, "Mzee wangu, wewe ulishinda kitu kigumu. Wengi kimewashinda." Pimamaji aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Alijua kinachosemwa ni mashine.

Picha ya mashine hiyo ilining'inia sebuleni, juu ya meza ya chakula ambayo sasa Binti aliifanya ofisi. Ndani yake mzee, enzi zile kijana, alisimama ameweka kiganja kwenye nguzo ya kushoto, na nyuma yake wakubwa wa kiwanda wamejipanga. Picha ilining'inia upande. Kila Jumamosi mkewe aliifuta vumbi akainyoosha. Kila Jumapili ilikuwa imelala tena, mashine imesimama wima kama askari, na watu wote, wakubwa kwa wadogo, wameinama kana kwamba kuna upepo. Nyumbani walilaumu msumari. Na mzee yule asiyeweza kuvumilia kikombe kilicholala, picha ile aliivumilia miaka ishirini na sita bila neno.

Jioni ya Jumatatu Binti alimweleza yaliyotokea. Pimamaji alisikiliza amefumba macho, kama daktari anayesikiliza kifua, kisha akatangaza kwamba mgonjwa ni kompyuta. Kompyuta, alisema, haijawahi kubeba chuma begani, itajuaje kimekaaje? Wao zamani walichora kipande kwa penseli, wakakijenga, wakakipeleka. Kikikataa, wanakipiga mpaka kinakubali.

"Mimi sikukichora pembeni nikaja kukipachika, Baba," Binti akasema. "Njoo uone."

Akamvutia kiti. Kwenye skrini ilisimama mashine nzima, vipande arobaini na viwili, kila kimoja amekitoa kwenye michoro ya mzee mwenyewe, ile inayotunzwa ndani ya bomba la plastiki chini ya kitanda. Pimamaji aliitambua kazi yake. Hakuwahi kuiona ikizunguka hewani namna ile, inaonyesha mpaka makalio. Binti akamweleza polepole. Aliingia ndani ya mashine iliyokwisha kuungwa, akaanzisha kipande kipya humo humo. Ukingo wa kinga hakuupa kipimo. Aliushikiza kwenye ukingo wa nguzo. Matundu ya bolti hakuyabahatisha. Aliyachukua kwenye matundu yaliyokuwapo. Kule kiwandani alipewa dakika tano, akapima chini tu, akakuta sawasawa na michoro. Ya juu akaamini.

"Sasa tazama." Akaishika nguzo ya kulia kwa mausi, akaisogeza kidogo. Kinga ikanyooka ikaifuata, mikunjo ikajipanga upya, matundu yakahama pamoja nayo kama vifaranga nyuma ya mama yao. Akairudisha mahali pake, kinga nayo ikarudi. "Nguzo ikienda, kinga inakwenda."

Mzee akasogeza kiti karibu na skrini.

"Na nguzo ikisema uongo?"

"Kinga nayo itasema uongo, Baba. Yenyewe haijui. Inafuata tu."

Pimamaji akakohoa, akauliza kama nyumba hii siku hizi hakuna chai.

* * *

Jumanne Pimamaji alivaa koti lake la kazi akaenda kiwandani kwa miguu, kuzungumza na mashine ana kwa ana. Mlinzi wa getini, kijana wa juzi, alimuuliza anamtafuta nani. Alijibu kwamba hamtafuti mtu, amekuja kuitazama mashine aliyoijenga. Mlinzi alipiga simu ndani, akapokea jibu, akalifikisha kwa adabu zote: mashine haisogelewi na mtu mpaka iwekwe kinga. Hata aliyeijenga? Hata aliyeijenga. Ila mzee akae kwenye benchi apumzike, na wakubwa wamesema apewe mche mmoja wa sabuni kwa heshima ya utumishi wake.

Alikaa. Alipewa mche wake ndani ya karatasi, akaufungua magotini. Ncha yake ilikuwa imekatwa upande, imelala kidogo tu, kiasi ambacho mtu wa kawaida asingekiona. Yeye aliiona. Akautia mfukoni haraka, kama aliyekuta nguo yake ya ndani imeanikwa barabarani.

Kutoka hapo alipitia karakana. Cheche aliyefundishwa na yeye kushika mashine ya kuchomelea alimsalimia, "Shikamoo, Mwalimu," akamwekea ndoo iliyopinduliwa akalie. Pimamaji akazunguka mbuyu mpaka mbuyu ukachoka. Alizungumzia ubora wa bati la zamani, mvua, ujana wa leo, ndipo akadokeza kwamba fundi mwenye moyo angeweza, bila kumwambia mtu, kuilamba ile kinga kwa grenda, kushoto, juu, na mambo yakaisha. Cheche akashusha miwani yake ya kazi. Akasema angefanya hivyo kwa roho moja, ila Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba fundi anayelamba chuma ili kuficha mchoro mbaya ni mwizi kama wezi wengine, na tangu siku hiyo ameyaandika maneno hayo ukutani kwa rangi nyekundu. Akamwonyesha. Yalikuwepo. Tena yameandikwa wima kabisa.

Aliporudi nyumbani mchana alimkuta Binti mbele ya skrini, ameizungusha mashine pande zote mpaka imepata kizunguzungu. Mama yake alikuwa jikoni, mlango wazi, anaosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi.

"Mwanangu," mzee akasema, anavua koti bila haraka, "hebu jaribu kupunguza pale kushoto, juu. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, Baba?"

"Kidogo tu. Milimita thelathini na moja."

Binti akaachia mausi. "Thelathini na moja si kidogo. Thelathini na moja ni namba ya mtu aliyepima."

Pimamaji akaketi, akaeleza kisayansi. Chuma, alisema, ni kama binadamu, kikinusa mvuke wa sabuni miaka ishirini na sita hunenepa. Binti aliuliza mbona kimenenepa nguzo moja. Akajibiwa kwamba ni ile inayoelekea dirishani, inayopata hewa. Na mbona imenenepa juu peke yake, chini imebaki vile vile? Hapo mzee akasema elimu ya siku hizi ni nzuri lakini ina maswali mengi. Jikoni mfuniko wa sufuria ulianguka, ukazunguka sakafuni kwa muda, na hakuna aliyekwenda kuuokota.

"Siwezi kuiandika namba isiyo na sababu," Binti akasema. "Bosi ataniuliza imetoka wapi, niseme nguzo imenenepa?"

* * *

Jumatano alasiri Binti alikuwa na kalamu na karatasi badala ya kompyuta. Alipomaliza kuandika alimpelekea baba yake kibarazani, kwa kuwa mzee alisifika pia kwa kunyoosha barua za kiofisi. Barua ilikuwa fupi. Ilisema yeye, mchoraji, anakiri kwamba makosa yote katika kinga ya mashine ya kukatia sabuni ni yake. Kwamba alichora bila uangalifu. Na kwamba anaomba kuacha kazi kabla ya kuachishwa, ili karakana isipate aibu.

Pimamaji aliisoma mara mbili. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa inaitia nyumba ile sukari na taa, maana pensheni yake huja kama mgeni wa mbali, siku haijulikani. Lakini hakuwaza sukari. Aliwaza tu kwamba dhambi yake ameshiba nayo miaka yote, leo inatapikwa na mtoto. Kalamu mkononi, akatafuta kosa la kusahihisha. Akaongeza nukta moja.

"Iko sawa?" Binti akauliza.

"Imenyooka," akasema, akamrudishia barua.

Aliingia ndani. Mkewe alikuwa amepanda kiti sebuleni, kitambaa mkononi, anaifuta picha. Akaifuta, akaishika pembe mbili, akainyoosha sambamba na ukuta. Wakubwa wa kiwanda wakasimama wima. Nguzo ya kushoto ikainamia ndani, waziwazi, kama mtu anayechungulia chungu cha mwenzake.

"Leo si Jumamosi," mzee akasema.

"Najua." Hakushuka kitini. Aliendelea kuishikilia pembe moja kwa kidole. "Leo siondoki hapa, Baba nanihii. Ukitaka kuilaza, utanilaza na mimi."

Hata friji ilikoma kunguruma kwa muda, ingawa friji ile ilikuwa ikikoma yenyewe mara kwa mara. Binti alisimama mlangoni na barua yake. Aliitazama picha, akamtazama baba yake, akaitazama tena picha.

Pimamaji akavuta kiti cha ofisi ya Binti akakaa. Hakuanza kwa uongo, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya kuanza hivyo, alichukua muda kupata neno la kwanza.

"Siku ile nilisahau pimamaji nyumbani," akasema.

Ilitoka hivyo, nusu nusu. Siku ya kusimamisha nguzo ya kushoto, wakubwa wako pale, mpiga picha yuko pale, na kifaa chake cha kupimia wima kimebaki juu ya kabati. Kurudi kukichukua ni kukiri mbele ya watu kwamba fundi amekuja kazini bila jicho lake. Basi akatazama kilichokuwapo. Ubavuni mwa mashine palikuwa na ukuta mpya, umepakwa chokaa, unang'aa. Akaisimamisha nguzo sambamba na ukuta, akaichomelea. Usiku akaja na pimamaji, akapima, akakaa chini. Ukuta ndio uliokuwa umelala, nguzo imeufuata, thelathini na moja juu. Kisu akakitilia kipande cha mbao kikafanya kazi. Halafu akateremsha timazi, uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, akaufuata uzi kwa brashi na kupaka mstari mweupe katikati ya nguzo: chini mstari uko katikati, juu umefika ukingoni. Jicho la mtu hufuata mstari. Halikufuata nguzo hata siku moja.

"Kwa hiyo ulichora ndani ya kilichokuwepo," Binti akasema taratibu. "Kama mimi."

"Kama wewe. Ila wewe ulimwamini baba yako. Mimi niliamini chokaa."

"Ungesema tu kesho yake kwamba ukuta umelala," Binti akasema. "Kosa si lako, ni la mwashi."

Aliyejibu alikuwa mama yake, kutoka juu ya kiti.

"Mwashi alikuwa babu yako," akasema. "Na mwezi ule ule huyu alikuwa anakuja kwetu kuniposa."

Binti akaketi sakafuni pale pale alipokuwa. Pimamaji akamtazama mkewe kama mtu aliyeona ukuta ukizungumza. "Ulijua?"

"Baba yangu alijua. Aliniambia, huyu kijana ameuona ukuta wangu akanyamaza, huyo na akuoe." Akashuka kitini akiushika mgongo. "Sasa baba ameshapumzika, na mahari ilishaliwa. Mtoe mtoto kwenye nguzo yako."

* * *

Alhamisi asubuhi Bosi aliketi kwenye meza yake iliyojaa bolti, akanyoosha mkono. Binti akaweka kompyuta mbele yake. Nyuma ya Binti alisimama Pimamaji, amevaa koti lake la kazi, na chini ya kwapa amebana pimamaji yake ya mbao, ile ile, ambayo hajawahi kuisahau tena hata akienda sokoni. Cheche na wenzake walizima mashine zao wakasogea.

"Mchoro nauona," Bosi akasema. "Sababu?"

"Sababu ni mimi," akasema Pimamaji.

Akaeleza. Hakuongeza chumvi hata punje, jambo lililowatisha wanaomjua kuliko habari yenyewe. Alipofika kwenye ukuta, Bosi alimkatiza akataka kujua ni nani mwashi aliyejenga uchafu ule. Mzee akajibu kwamba amekuja kukaguliwa nguzo. Ukuta haumo katika mchoro. Akamalizia hapo, akaiweka pimamaji mezani, kama askari anayerudisha silaha.

Cheche alitazama ukutani, kwenye maneno mekundu kuhusu fundi mwizi, kisha akatazama buti zake. Mwishowe akauliza, kwa heshima kubwa, kama bado wanaruhusiwa kumwita Pimamaji au watafute lingine. Hapo ndipo karakana nzima ilipopasuka, na mzee akasimama katikati ya kicheko kile masikio yamemwaka moto, akakinywa chote kama dawa.

Binti hakungoja kiishe. Aliibonyeza nguzo ya kushoto kwenye skrini, akachapa thelathini na moja, akagusa kitufe. Nguzo ikainama. Kinga ikatetemeka, ikajivuta pembeni, mkunjo wa juu ukalala, matundu mawili yakahama, kipande cha chini kikabaki palepale. Hakuwa amegusa kinga hata kwa bahati mbaya. Watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza mmoja mmoja, wakainamisha vichwa kuifuata.

"Namba moja tu?" Bosi akauliza.

"Moja tu ndiyo iliyokuwa inakosekana."

Bosi akaisukuma pimamaji mezani, ikamrudia mwenyewe. Sauti ilikuwa ya chini, lakini safari hii haikuogopesha. "Hongera, mzee. Kusema mbele za watu ni kugumu kuliko hata kuacha."

Kuacha nini, Pimamaji hakuelewa, lakini haikuwa siku ya kuuliza maswali.

Bosi akamgeukia Binti, naye akapata lake. Kwamba amechora vizuri kuliko alivyopima. Kwamba siku nyingine, akipewa dakika tano, apande juu. "Pima mashine," akamwambia. "Usimpime baba." Barua ya kuacha kazi aliiona imechungulia mfukoni mwa Binti, akaiomba, akaisoma, akaikunja mara nne, akainama na kuitia chini ya mguu wa meza yake, ambao kwa kweli ulikuwa unacheza.

* * *

Ijumaa saa nane walikuwa watu kumi na tisa, maana habari ina miguu. Cheche alilisogeza bati. Chini likaingia. Juu, upande wa kushoto, likafika, likasita kidogo kama mgeni anayetafakari avue viatu au la, kisha likaingia nalo, likatoa mlio mdogo wa kugota. Bolti nne zikapita kwa vidole bila spana. Zilibaki dakika tisa, na hakuna aliyejua azifanyie nini. Mfagiaji akasema yeye alijua tangu asubuhi.

Pimamaji aliposogea kumwomba Meneja ruhusa ya kuja kuinyoosha nguzo yenyewe, bure, ili afe na roho nyeupe, Meneja alishtuka. Inyooshwe ili iweje? Sabuni yao hutambulikana sokoni kwa ile ncha iliyolala. Wanaoiga wamejaribu rangi, wamejaribu harufu, wamejaribu karatasi. Ncha imewashinda, kwa kuwa mashine zao zote zimenyooka. Akamtaka mzee, mbele ya mashahidi, aape kwamba hataigusa nguzo ile maisha yake yote. Mzee akaapa.

Jioni, kabla ya chakula, Binti alifungua kompyuta akakamilisha orodha ya vipande arobaini na vitatu. Mbele ya nguzo ya kushoto aliandika: kama ilivyojengwa. Baba yake alipanda kiti kwa mguu wake mwenyewe, akaing'oa picha, akapiga msumari upya, akaining'iniza. Safari hii aliiweka pimamaji juu ya fremu, akangoja kiputo cha hewa kitulie katikati. Kikatulia. Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu. Wakubwa wa kiwanda walikuwa wima wote, na yeye, kijana, yuko wima miongoni mwao, kiganja kwenye nguzo iliyolala, kama anayeizuia isianguke.

Mkewe akaja akasimama ubavuni mwake, anafuta mikono.

"Unaonekana vizuri," akasema. "Miaka yote wageni waliniuliza mbona umepinda, nikawa nawaambia siku ile ulikuwa umelewa."

Pimamaji, ambaye pombe hakuwahi kuigusa hata kwa ncha ya ulimi, akamkumbuka kinyozi na mikono yake miwili. Akamkumbuka Bosi. Akaanza kuhesabu wageni.

"Wangapi?" akauliza.

"Wote," akasema mkewe. "Lakini niliwaambia uliacha."